Utangulizi: Sauti Inayoweza Kurudiwa

Umeingia katika fani ambayo wafanyakazi wake wanasikika na mamilioni lakini sura zao hazijulikani. Yuko anayetuambia kwamba namba tunayopiga haipatikani kwa sasa, anayetaja bei ya saruji kabla ya taarifa ya habari, anayesimulia maisha ya simba wa Serengeti, na anayemsemea mama mkwe wa Kichina katika tamthilia ya usiku. Kitabu hiki kimeandikwa kwa anayetaka kujiunga nao na hajui aanzie wapi.

Wengi huja hapa kwa sababu waliwahi kuambiwa wana sauti nzuri. Ni sababu njema ya kuanza, ila haimdumishi mtu kazini. Mteja anataka uhakika kwamba sauti aliyoisikia leo ataipata tena wiki tatu zijazo, bei ya bidhaa itakapobadilika na sentensi moja tu ikahitaji kurekodiwa upya. Sentensi hiyo ikikaa katikati ya zile za zamani na msikilizaji asishtuke, kazi imefanyika. Ikisikika kana kwamba imetoka chumba kingine, au kwa mtu aliyeamka vibaya, tangazo zima linarudiwa na fedha inapotea. Kwa hiyo hoja ninayoisimamia katika kitabu chote ni moja: msingi wa kazi ya sauti ni uwezo wa kurudia kwa makusudi, na sampuli yako ya kwanza, yaani rekodi fupi ya kumwonesha mteja unachoweza, ni ahadi ya uwezo huo.

Fani hii ina wazee wake. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na Idhaa ya Kiswahili ya BBC ikafuata mwaka 1957. Radio Tanzania Dar es Salaam ilitulea kwa michezo ya redio kama Pwagu na Pwaguzi, na mwaka 1993 ikaanzisha Twende na Wakati, mchezo uliofundisha uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Katika mchezo wa redio mhusika hana uso wala nguo. Ni sauti tupu. Mwigizaji akiipandisha kidogo wiki hii kuliko wiki iliyopita, msikilizaji anadhani kaingia mtu mwingine. Nchini Kenya, Leonard Mambo Mbotela alianzisha kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? mwaka 1966 na kukiendesha kwa miongo mingi. Wasikilizaji waliozaliwa baada ya kipindi kuanza walimtambua kwa neno la kwanza. Huo ndio urithi tunaoupokea.

Leo fani ina matawi kadhaa, na kila tawi lina adabu zake. Tangazo la biashara ni fupi na lina haraka. Makala na vitabu vya kusikiliza vinadai pumzi ndefu: msimulizi anasoma kwa saa nyingi, siku nyingi, na sura ya 12 lazima ifanane na sura ya kwanza. Masomo ya mtandaoni na jumbe za simu zinataka matamshi safi kuliko hisia kali. Kisha kuna filamu. Katika mabanda ya video, yale yanayoitwa vibanda umiza, wasimulizi kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya walikuza sanaa ya mtu mmoja kuwasemea wahusika wote, kufafanua, na kutia chumvi panapopendeza. Uingizaji sauti katika tamthilia, kama ile ya Kichina iliyooneshwa na TBC mwaka 2011 kwa jina la Doudou na Mama Wakwe Zake, una sheria nyingine: maneno yaanze mdomo unapofunguka na yaishe unapofungwa. Anayeanza achague tawi moja au mawili. Mengine yatasubiri.

Matawi yote yanakutana mahali pamoja, kwenye karatasi. Kazi huanza kwa kusoma kabla ya kusema. Chukua maandishi mafupi kama haya: “Mvua zimeanza. Bati lako linavuja? Bati jipya, shilingi 28,000 tu. Ofa inaisha Jumamosi.”

Sentensi ya kwanza inaweza kuwa taarifa, onyo au pole. Amua moja, kwa sababu uamuzi huo ndio utakaokuwezesha kuirudia mwezi ujao. Ya pili ni swali lisilo na neno la kuuliza. Kinacholifanya liwe swali ni mkunjo wa sauti peke yake. Sauti isipopanda, umemwambia mteja kwamba bati lake linavuja, na huenda akakasirika. Namba ina mtego wake: usiingie studio bila kuiandika kwa maneno pembeni, “elfu ishirini na nane”, maana jicho linalosita huvuta ulimi nao usite. Halafu kuna “tu”. Wasomaji wachanga huwa wameishiwa pumzi wanapofika hapo, wakaimeza, ilhali ndilo neno lililobeba ofa. Mwisho ni “Jumamosi”. Ugonjwa mkubwa wa wanaoanza ni kuiacha sauti ifie kwenye neno la mwisho, na mara nyingi neno hilo ndilo msikilizaji analotakiwa kuondoka nalo.

Basi shika penseli. Weka mkwaju mmoja pa kuvuta pumzi kidogo, mikwaju miwili pa kutua, mstari chini ya neno unalolisukuma. Soma kwa saa mkononi. Kiswahili kina maneno marefu, kwa hiyo tangazo la sekunde 30 lenye mwendo wa utulivu huchukua takribani maneno 60. Likizidi sana, zungumza na mwandishi kabla ya kukimbiza ulimi. Uliza pia msikilizaji ni wa wapi. Tangazo la Nairobi, la Tanga na la Lubumbashi hayasomwi kwa lafudhi moja, na mteja ana haki ya kusikia wazi lafudhi unayoimudu kweli.

Baada ya karatasi ndipo tuje kwenye chumba. Wengi hukimbilia kununua maikrofoni ya bei kubwa, kumbe adui mkuu ni mwangwi. Sakafu ya vigae na ukuta wa saruji hurudisha sauti, na maikrofoni nzuri inaunasa mwangwi huo vizuri zaidi. Piga kofi moja katikati ya chumba usikilize. Ukisikia mkia wa sauti baada ya kofi, hapo hapajafaa. Tundika mablanketi mazito, simamisha godoro nyuma yako, au ufungue kabati lililojaa nguo usomee mbele yake. Zima feni na jokofu. Chini ya paa la bati usirekodi wakati wa mvua, na panga saa zako kwa kufuata bodaboda, jenereta na adhana za mtaa wako. Kisha rekodi ukimya kwa sekunde kumi. Kipimo cha kawaida katika vitabu vya kusikiliza ni kwamba kelele za chumba zisizidi desibeli -60, na kilele cha sauti yako kisivuke -3.

Kaa umbali wa shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni, na uigeuze kidogo pembeni ili upepo wa “p” na “b” upite bila kuipiga. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha kuanzia. Sasa fanya jambo ambalo wengi hulidharau: weka utepe sakafuni pale miguu yako iliposimama, na uandike daftarini umbali wa mdomo, kiwango cha sauti ulichoweka, saa uliyorekodi na hali ya koo lako. Daftari hilo ndilo litakalokurudisha mahali pale pale mteja atakapopiga simu kuomba sentensi moja.

Sampuli yenyewe iwe fupi, kati ya sekunde 60 na 90. Vipande vinne hadi sita vinatosha, kila kimoja sekunde kumi hadi kumi na tano, na kilicho bora kitangulie, kwa sababu msikilizaji mwenye shughuli nyingi huenda asifike cha tatu. Usichanganye matangazo na usimulizi. Kila tawi lipewe sampuli yake. Andika maandishi yako mwenyewe. Kusoma tangazo la kampuni ambayo haijawahi kukuajiri, ukaacha watu waamini uliajiriwa, ni udanganyifu. Hifadhi nakala kuu katika WAV, kilohezi 48 na biti 24, na utume MP3. Zaidi ya yote, usiweke ndani yake kitu usichoweza kukifanya tena kesho asubuhi. Sauti iliyonenepeshwa kwa mitambo katika studio ya kukodi itakuaibisha siku utakayopewa kazi ukiwa na chumba chako na koo lako tu.

Kabla ya kupokea malipo ya kwanza, uliza mambo manne na uyaone yameandikwa: rekodi itatumika wapi, kwa muda gani, katika vyombo gani, na kama itatumika kufundishia akili mnemba. Swali la nne lina uzito. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inautaja utambuzi wa sauti miongoni mwa taarifa za kibayometria, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Sauti yako ni sehemu ya mwili wako. Usiitoe kwa karatasi usiyoielewa. Wapo wanaouliza kama mashine hazitatumalizia kazi. Mashine inarudia bila kuchoka, hilo ni kweli. Lakini mwelekezaji anaposema, “rudia vilevile, ila safari hii msemee mtu aliyefiwa,” anaomba kitu kimoja kibadilike na vingine vyote vibaki. Hapo anahitajika mtu aliyeelewa alichokisoma.

Sura zinazofuata zitachukua pumzi, matamshi, chumba, uhariri na mikataba kwa zamu, na kila moja ina mazoezi. Zoezi la kwanza lianze kabla hujafungua ukurasa unaofuata. Rekodi aya moja leo, kisha uirekodi tena baada ya wiki moja, mahali pale pale, kwa kufuata daftari lako. Kata sentensi mbili za rekodi ya pili uzipandikize katikati ya ile ya kwanza, umpe mtu asikilize bila kumwambia kitu. Akikuonesha palipoungwa, rudi kwenye utepe, penseli na mablanketi. Asipopaona, anza kuandaa sampuli yako.