Vim: Sarufi ya Kihariri na Mzigo wa Mtunzaji Wake

Kwa miaka mingi, mtu aliyefungua Vim kwa mara ya kwanza alikabiliwa na ukurasa mtupu wenye maneno machache katikati, na miongoni mwa maneno hayo mlikuwa na ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Wapo waliolidhania kuwa mzaha wa wataalamu wa tarakilishi. Halikuwa mzaha. Vim ni kihariri matini, yaani programu ya kuandikia na kusahihishia maandishi yasiyo na mapambo ya chapa. Aidha, ni programu huria: msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Makala haya yanaeleza namna kihariri hicho kinavyoamriwa na namna kinavyotunzwa, kwa sababu mambo haya mawili yamefungamana kuliko inavyodhaniwa.

Bram Moolenaar, Mholanzi, alianza kukiunda mwaka 1988 kwa ajili ya tarakilishi yake aina ya Amiga, akifuata mfano wa Vi, kihariri kilichoundwa na Bill Joy huko California mwaka 1976. Toleo la kwanza kufikia umma, 1.14, lilitoka mwaka 1991. Mwaka 1994 Moolenaar alikwenda Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, akajitolea kwa mwaka mmoja kama mhandisi wa maji na usafi katika kituo cha watoto. UKIMWI ulikuwa umewaacha wengi wao bila wazazi. Tangu hapo Vim haikuuzwa. Aliyeipenda aliombwa akichangie kituo hicho. Mwongozo wake umelitaja pia shirika la Kanada linalopokea michango hiyo, liitwalo Kuwasha, jina ambalo msomaji wa jarida hili hahitaji kufasiriwa.

Kinachokitofautisha kihariri hiki na vingine ni sarufi. Vim ina hali mbili kuu: katika moja, herufi zinazobonyezwa huandikwa, katika nyingine, herufi hizo hizo huwa ni amri. Herufi d ni kitenzi chenye maana ya 'futa', c ni 'badilisha', y ni 'nakili'. Kitenzi hufuatwa na yambwa: w ni neno, ap ni aya nzima. Hivyo dw hufuta neno, d3w hufuta maneno matatu, na yap hunakili aya. Anayejua vitenzi vitano na yambwa sita ana amri thelathini bila kukariri hata moja. Mwanafunzi wa isimu hatashangaa. Ndivyo lugha zote zinavyofanya kazi.

Amri ndefu zaidi huanza kwa nukta mbili. Kwa mfano, :%s/kitabu/gazeti/gc hupita katika matini yote, ikiweka 'gazeti' mahali pa 'kitabu' na kumuuliza mwandishi kila inapokuta neno hilo. Hapa ndipo Kiswahili kinapoidai Vim zaidi ya Kiingereza. Maneno "kitabu hicho kikubwa kimepotea" yatageuka kuwa "gazeti hicho kikubwa kimepotea", nao upatanisho utakuwa umevunjika mara tatu. Dawa yake ni kuandika programu fupi ndani ya kihariri chenyewe, itakayofuatisha viambishi vya ngeli hadi kwenye kitenzi. Hata hivyo, programu hiyo lazima isimame na kuuliza, kwani katika "kitabu kimeanguka juu ya kiti kile" neno 'kile' si mali ya kitabu.

Programu kama hizo huandikwa kwa Vimscript. Lugha hii haikubuniwa mezani; ilikua. Amri zilizokusudiwa vidole zilihifadhiwa katika faili, na kufikia toleo la 5.0 la mwaka 1998 zilikuwa zimepata vigeu, masharti na vitendakazi. Ikawa na vifupisho vingi na njia kadhaa za kusema jambo moja, na tena ikawa ya polepole, kwani kila mstari ulichanganuliwa upya kila ulipotekelezwa. Kuisafisha hakukuwa kazi rahisi. Maelfu ya watu walikuwa tayari wameandika programu zao kwayo, na kanuni ambayo ingefutwa ingeziharibu. Sarufi ikishapata wasemaji, aliyeitunga hana tena mamlaka ya kuifuta.

Mzigo huo ulimwangukia mtu mmoja. Wengine walileta viraka vya msimbo, lakini kwa zaidi ya miaka thelathini karibu kila kiraka kilipitia mikononi mwa Moolenaar. Mwaka 2014, Thiago de Arruda, ambaye kiraka chake cha kuwezesha kazi kuendeshwa sambamba hakikukubaliwa, alianzisha Neovim, tawi lililojitenga ambalo baadaye liliikumbatia lugha ya Lua. Toleo la 8.0 la Vim, lililotoka mwaka 2016, lilileta uwezo wa kuendesha kazi chinichini. Ni vigumu kuamini kwamba mambo hayo mawili hayakuhusiana. Mnamo Juni 2022, toleo la 9.0 lilileta lugha mpya, Vim9, inayotafsiriwa kwanza kabla ya kutekelezwa. Ile ya zamani iliachwa pembeni yake, ikiendelea kufanya kazi.

Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Leseni ya Vim ilikuwa imemtaja kwa jina kama mtunzaji, ikaeleza kwamba mabadiliko ya mtunzaji yangetangazwa, na kwamba wajibu wa kumpelekea marekebisho ungekoma iwapo isingewezekana kabisa kumpata. Christian Brabandt, aliyekuwa amechangia viraka kwa miaka mingi, akaichukua kazi hiyo pamoja na wenzake. Toleo la 9.1, lililotoka tarehe 2 Januari 2024, lilitolewa kwa heshima ya marehemu, na programu zilizoandikwa miaka ishirini kabla yake zikaendelea kusomeka ndani yake.