Mkojo Hausemi Uongo: Jinsi Wanyama wa Mashindano Wanavyopimwa Dawa

Bujumbura ni mji unaoujua utamu wa mbio. Wakazi wake hawajausahau mwaka 1996, pale Vénuste Niyongabo alipoipatia Burundi medali ya dhahabu ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Atlanta, michezo ambayo nchi hii ilishiriki kwa mara ya kwanza. Tangu hapo, hata mtoto wa shule anafahamu kwamba ushindi hupatikana kwa jasho, na kwamba mkimbiaji wa siku hizi, baada ya kuvuka mstari, hutakiwa kutoa mkojo wake upimwe.

Lakini si binadamu peke yao wanaoshindana. Familia zenye asili ya Omani, ambazo zimeishi na kufanya biashara katika mtaa wa Asiatique tangu enzi za mababu, zinazijua habari za mbio za ngamia za huko Uarabuni. Mjini Nairobi, farasi hushindana katika uwanja wa Ngong. Kisiwani Lamu, punda hukimbizwa kando ya bahari huku umati ukishangilia. Na popote penye zawadi na sifa, hapakosi mtu atakayeshawishika kumpa mnyama dawa ili ashinde kwa hila.

MNYAMA HAWEZI KUKATAA SINDANO

Mwanariadha anayetumia dawa za kuongeza nguvu hujidhuru kwa hiari yake. Mnyama hana hiari. Huchomwa sindano au kutiliwa dawa katika chakula, kisha hupigwa mbio bila kujua lililomfika.

Dawa hizo ni za namna nyingi. Ziko za kuchangamsha moyo na ubongo, ziko za kunenepesha misuli, na ziko za kutuliza maumivu. Hizi za mwisho huonekana kama za huruma, nazo katika mbio zaweza kuwa za hatari kubwa. Maumivu ni askari wa zamu katika mwili. Anayemnyamazisha huiacha kambi bila mlinzi. Farasi mwenye kifundo kilichoumia, asiposikia uchungu, hukimbia kwa nguvu zake zote mpaka mfupa ukavunjika. Hapo huanguka yeye pamoja na mtu aliyempanda mgongoni, na wanaowafuata nyuma huenda wakawakanyaga.

MWILI HUACHA NYAYO

Ujanja wa wadanganyifu siku zote umekuwa kutoa dawa mapema, ili siku ya mbio isionekane. Hapa ndipo elimu ya kemia ilipowafumania.

Dawa ikishaingia mwilini haikai ilivyo. Ini huishika na kuigeuza umbo, mara nyingi ili iweze kuyeyuka katika maji, nayo mafigo huitoa nje kwa mkojo. Mabaki hayo yaliyogeuzwa ndiyo wataalamu wanayoyaita metaboliti. Mathalani, fenilibutazoni, dawa ya maumivu inayotumiwa sana kwa farasi, hugeuzwa kuwa oksifenibutazoni. Kodeini, sehemu yake hugeuka kuwa mofini. Kwa hiyo mchunguzi hatafuti dawa yenyewe tu. Hutafuta pia nyayo zake. Mwizi aweza kuwa ameondoka, lakini nyayo zake bado zimo uani.

Tena nyayo hizo zina faida nyingine kwa mchunguzi. Mtu aliyemwaga dawa ndani ya chupa ya mkojo kwa hila au kwa bahati mbaya hawezi kwa kitendo hicho kuleta metaboliti. Metaboliti zilizomo humo huonyesha kwamba dawa imepita katika mwili wenyewe.

Kazi hii ina historia ndefu. Mwaka 1910, huko Vienna, mkemia Alfons Bukowski kutoka Warsaw alionyesha kwamba dawa za namna ya alkaloidi zaweza kutambuliwa katika mate ya farasi. Leo maabara hutumia mashine za kuitenganisha sampuli katika viini vyake, kisha spektrometa ya masi hupima uzito wa chembe za kila kiini. Kila dawa na kila metaboliti ina alama zake, kama vile kila mtu alivyo na alama za vidole vyake. Mashine hizo huweza kugundua kiasi kidogo mno, mfano wa gramu moja iliyoyeyushwa katika lita 1,000,000 za maji.

Hata hivyo, mwili wa mnyama mmoja si kama wa mwingine. Ndiyo maana huko Abu Dhabi wataalamu wa maabara ya ngamia wa mbio walilazimika kuchunguza jinsi mwili wa ngamia unavyozigeuza dawa, badala ya kuazima tu hesabu zilizopatikana kwa farasi.

MIFANO YA KUKUMBUKWA

Mwezi Mei 1968, farasi Dancer's Image alitangulia wenzake katika mbio za Kentucky Derby nchini Marekani. Baada ya siku chache ushindi ukatenguliwa, kwa kuwa fenilibutazoni iligunduliwa katika mkojo wake. Daktari alikuwa amempa dawa hiyo siku 6 kabla ya mbio, kwa ajili ya kifundo kilichomsumbua, akitumaini kwamba ingekwisha kutoka. Mwenye farasi, Peter Fuller, aliipigania hukumu hiyo mahakamani kwa miaka kadhaa, na mwishowe akashindwa.

Mwezi Aprili 2013, huko Newmarket, Uingereza, wakaguzi walifika katika zizi la Godolphin lililosimamiwa na Mahmood Al Zarooni. Hawakungoja siku ya mbio. Walipima farasi 45, na 11 kati yao wakakutwa na dawa za kujenga misuli. Msimamizi alikiri kosa, akafungiwa miaka 8.

Lakini si kila aliyekutwa na dawa ni mwovu. Mwaka 2014, Estimate, farasi wa Malkia Elizabeth wa Pili aliyeshika nafasi ya pili katika mbio za Gold Cup huko Ascot, alikutwa na mofini. Uchunguzi ulionyesha kwamba asili yake ilikuwa chakula cha farasi kilichochafuliwa. Matokeo yake yalifutwa, lakini hakuna aliyeonekana kumpa dawa kwa makusudi.

USHAHIDI LAZIMA ULINDWE

Kwa sababu hiyo, sampuli hutunzwa kama polisi anavyotunza kielelezo cha kesi. Hugawanywa mara mbili, kila sehemu ikapigwa lakiri na kupewa namba badala ya jina. Sehemu ya kwanza ikileta mashaka, ya pili yaweza kupimwa ili kuthibitisha. Kila mkono uliopokea chupa huandikwa. Lakiri ikivunjika, kesi nayo huvunjika, hata kama mkosaji ni mkosaji kweli.

Sampuli za binadamu huweza kuhifadhiwa kwa miaka. Mwaka 2016, mikojo iliyotolewa katika Olimpiki za Beijing 2008 na London 2012 ilipimwa upya. Wanasayansi walikuwa wamekwisha kutambua metaboliti zinazodumu mwilini kwa muda mrefu zaidi, na makumi ya wanariadha waliodhani wamepona wakaumbuka.

FUNZO KWA JAMAA YA NYUMBANI

Mambo haya si ya matajiri wenye farasi peke yao. Familia inayofuga ng'ombe au mbuzi wa maziwa inahusika vilevile. Mnyama aliyechomwa penisilini huitoa dawa hiyo pia katika maziwa yake, na kuyachemsha hakutoshi kuiondoa. Mtoto ambaye mwili wake hauipatani na penisilini aweza kudhurika, na vijidudu vya maradhi huzidi kuizoea dawa.

Mama mwenye busara humwuliza daktari wa mifugo ni siku ngapi maziwa yasinywewe wala yasiuzwe, na ni siku ngapi mnyama asichinjwe. Huandika tarehe ya sindano, na humfunga mnyama kitambaa shingoni ili kila mkamuaji, hata mtoto, apate kujua. Dawa za binadamu hazimpi mnyama kwa kubahatisha.

Mnyama hukimbia alipotumwa na hutoa maziwa anapokamuliwa, wala hana ulimi wa kushtaki. Mchunguzi maabarani humsemea kwa mkojo wake. Nyumbani, wa kumsemea ni yule anayemfuga.