Upimaji wa Hesi Karakanani
Hesi ni meno yanayouzunguka mwili wa bolti. Kipenyo cha nje chaweza kuwa sahihi ilhali nati ikalegea; na bolti ikilegea gurudumuni, roho za abiria zimo hatarini. Kinachoamua mshikamano hasa ni kipenyo cha kati, pale unene wa jino unapolingana na uwazi. Ili kukipima, nyaya tatu za unene mmoja hulazwa katika mifereji, moja upande huu na mbili upande wa pili, kisha maikromita huzibana. Kwa bolti ya M10, ambayo umbali kati ya meno yake ni milimita 1.5, waya ufaao ni wa milimita 0.866, maikromita ikisoma 10.325, kipenyo cha kati ni 9.026. Hesabu hii yahusu pembe ya digrii 60; hesi ya Whitworth ya mwaka 1841, yenye digrii 55, ina hesabu yake.