Silabi na Shadda katika Maneno Marefu

Ukipewa neno mwanamapinduzi ulitenge silabi, usiogope urefu wake. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu: mwa-na-ma-pi-ndu-zi. Watahiniwa wengi huandika "pin-du", na hapo alama hupotea. Sauti nd haitenganishwi. Ndiyo inayoanza silabi.

Shadda huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: mwanamapi'nduzi. Ukiongeza kiambishi tamati, shadda huhama. Sema m'nara, kisha Mnarani, pale Kilifi: mna'rani. Hapo m ni silabi kamili, m-na-ra-ni, mizani nne. Ukiisahau katika swali la ushairi, utadai mshororo umepungukiwa, kumbe ni wewe uliyehesabu vibaya. Katika mto, m hiyo hiyo ndiyo yenye shadda: 'mto.

Si lugha zote zifanyazo hivi. Ludwig Krapf, Mjerumani aliyeishi Rabai, katika kaunti hii hii, na ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka wa 1882, alikua na lugha ipendayo kuunganisha maneno. Kwao glavu ni Handschuh, yaani kiatu cha mkono. Mshonaji wake ni Handschuhmacher: neno limerefuka, lakini shadda kuu imebaki mwanzoni, kwenye Hand. Yetu ingekimbilia mwishoni.

Jihadhari na ba'rabara (sawasawa) na bara'bara (njia kuu); swali hili halichoki kurudi. Na alama ya shadda huandikwa kabla ya silabi inayohusika, si baada yake.