Je, Mpango wa Ajira Umefaa? Namna ya Kuupima

Kila mpango wa kuwapatia watu kazi unapomalizika, ripoti huandikwa. Aghalabu ripoti hiyo hutaja idadi ya vijana waliofunzwa, fedha zilizotumika, na kipato cha wahitimu baada ya mwaka mmoja au miwili. Kipato kikiwa kimepanda, mpango husifiwa na fedha nyingine hutolewa. Lakini kupanda kwa kipato cha mhitimu si ushahidi kwamba mpango ndio uliokipandisha. Swali linalopaswa kujibiwa ni hili: mtu huyo huyo angalikuwa na kipato gani leo lau asingalipata msaada ule?

Swali hili ni gumu kwa kuwa hakuna awezaye kuishi maisha mawili kwa wakati mmoja. Hapana budi basi kutafuta watu wengine wa kulinganishwa naye. Kazi yote ya kupima mipango ya ajira hutegemea namna watu hao wanavyochaguliwa.

Makosa mawili ya kawaida

Kosa la kwanza ni kumlinganisha mshiriki na hali yake mwenyewe ya zamani. Mwaka 1978, mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Orley Ashenfelter, alitoa uchunguzi wake juu ya watu walioingia katika mafunzo ya serikali mwaka 1964. Aliona kwamba mapato yao yalikuwa yameshuka muda mfupi kabla ya mafunzo kuanza. Jambo hili halishangazi, kwani mtu hutafuta mafunzo hasa pale anapopoteza kazi. Wengi wa namna hiyo wangaliinuka tena hata bila ya mafunzo. Mtu akianza kuhesabu kutoka siku zao mbaya kabisa, atausifia mpango kwa mambo usiyoyatenda.

Kosa la pili ni kuwalinganisha washiriki na watu wowote wasioshiriki. Wanaojiandikisha huenda wana ari kuliko wenzao. Au pengine mpango umewachagua wenye shida zaidi. Mwaka 1986, Robert LaLonde aliupima mtego huu kwa kutumia mpango wa Marekani wa miaka ya 1970. Mpango huo uliwapa kazi za muda watu ambao waajiri hawakuwataka: akina mama waliotegemea misaada ya serikali, waliotoka gerezani, waliowahi kutumia madawa ya kulevya, na vijana walioacha shule. Washiriki walipatikana kwa kura, hivyo tofauti iliyoletwa na mpango ilikwisha kujulikana. LaLonde akaliweka kando kundi lililokosa kura, akawalinganisha washiriki na watu wa kawaida waliomo katika takwimu za taifa. Njia mbalimbali za hesabu zikampa majibu yaliyopishana sana, na mengi yalikuwa mbali na jibu la kura.

Kura ya kaskazini mwa Uganda

Kura ina faida moja kubwa. Ikiwa watu wengi wanaostahili wamegawanywa kwa bahati tupu, basi ari, elimu, umri na mikosi hugawanyika takriban sawasawa katika makundi yote mawili. Tofauti kubwa itakayotokea baadaye yaweza kuhesabiwa kuwa ni kazi ya mpango.

Njia hii imetumika hapa Afrika ya Mashariki pia. Mwaka 2006, serikali ya Uganda ilianzisha mpango wa kuwasaidia vijana wa kaskazini, sehemu iliyokuwa imeumizwa na vita vya miaka mingi. Vijana waliunda vikundi, wakaandika maombi ya fedha za kujifunza ufundi na kununua vifaa. Wengi walichagua ushonaji au useremala. Vikundi vilivyostahili vikazidi fedha zilizokuwapo, hivyo vikundi 535 vikapigiwa kura, na nusu yake hivi vikapata. Ruzuku ilikuwa wastani wa dola 382 za Marekani kwa kila mtu, nayo ilitolewa mwaka 2008. Watafiti Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez wakawafuatia waliopata na waliokosa.

Baada ya miaka minne matokeo yalikuwa mazuri. Waliopata ruzuku walikuwa na mali ya biashara zaidi ya wenzao kwa asilimia 57, walifanya kazi kwa saa nyingi zaidi kwa asilimia 17, na mapato yao yalizidi kwa asilimia 38. Lau uchunguzi ungaliishia hapo, ingalisemwa kwamba umaskini wa vijana hao umekatwa mizizi.

Lakini watafiti walirudi tena baada ya miaka tisa. Waliokosa kura walikuwa wamewafikia wenzao katika ajira na mapato, kwa biashara ndogo ndogo na vibarua. Kilichobaki kwa waliopata ni mali zaidi na kazi zaidi za ufundi. Hii haina maana kwamba fedha zilipotea, kwani miaka kadhaa ya kipato bora ni faida halisi kwa mwenye watoto wa kulisha. Ina maana kwamba ruzuku iliwatanguliza njiani. Haikuwafikisha mahali ambapo wengine wasingeweza kufika.

Mipaka ya kura

Hata kura haioni kila kitu. Fundi mpya wa kushona akiwachukua wateja wa fundi wa zamani, kipato chake kitapanda, lakini kijiji hakitakuwa kimeongeza chochote. Tena, vijana huhama. Mtafiti asipowatafuta waliohamia mijini, atawahesabu waliobaki tu, nao huenda si mfano wa wote.

Kwa hiyo, msomaji atakapoelezwa kwamba mpango fulani umewainua vijana, yafaa aulize mambo matatu. Wamelinganishwa na nani? Wamefuatiwa kwa miaka mingapi? Na je, waliokuwa wakifanya kazi hiyo kabla yao wamepatwa na nini? Fedha za ajira ni chache, na vijana wanaozingojea ni wengi. Mpango usiofaa unaosifiwa humnyima kijana mwingine ule ambao ungalimfaa.