Utangulizi: Kuzipa Kontrola Majina

Msimu wa kahawa ukifika, mkulima wa Kibosho au wa Uru hushusha gunia lake la kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi na kumkuta karani. Karani hulipokea, hulipeleka kwenye mizani, huhakikisha kilo zimeingia daftarini, kisha humkabidhi mkulima stakabadhi yake. Bei hapangi yeye, wala si yeye anayekoboa. Ushirika wa huku Moshi, ambao chama chake kikuu cha KNCU kilianzishwa mwaka 1933, umelea vizazi vya makarani wa namna hiyo. Ndiyo maana namkaribisha msomaji kwenye somo hili kupitia dirisha lao.

Programu ya wavuti iliyojengwa kwa mtindo wa MVC (Model-View-Controller) ina sehemu tatu. Modeli ni daftari pamoja na kanuni zake: kilo ngapi, bei gani, nani anadai nini. Mwonekano ni stakabadhi, yaani kile mtu anachokiona kwenye skrini. Kontrola ndiyo karani: hupokea ombi kutoka kwenye kivinjari, huiuliza modeli, huchagua mwonekano wa kujibia. Kontrola inayoanza kukokotoa makato ya pembejeo imejitwalia kazi ya mhasibu. Siku kanuni ya makato ikibadilika, utaikuta imeandikwa mahali patano, urekebishe panne, na wakulima walipwe pungufu.

Mtindo huu ulibuniwa na Trygve Reenskaug, Mnorwei aliyekuwa mgeni katika maabara ya Xerox PARC huko California. Mwezi Mei 1979 aliuandika kwa majina mengine. Hadi Desemba, baada ya mijadala mirefu, hasa na Adele Goldberg, ndipo yakapatikana haya matatu tunayoyatumia. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote ilikuwa kupata majina mazuri. Kontrola yake haikuwa ya wavuti, maana wavuti haukuwepo. Zana za kujengea programu za wavuti, Rails ya mwaka 2004 na Laravel ya 2011, ziliirithi na kuigeuza. Lakini ule ugumu wa majina umebaki palepale.

Kanuni ninayoisimamia ni moja: kontrola ipewe jina la kitu, si la kitendo wala la ukurasa. Kitu kimoja kina shughuli saba za kawaida: kuorodhesha, kuonyesha kimoja, fomu ya kuongeza, kuhifadhi, fomu ya kuhariri, kusasisha na kufuta. Shida huanza pale shughuli ya nane inapobisha hodi. Meneja anataka kuidhinisha malipo, nawe unaongeza «idhinisha» ndani ya MalipoController. Wiki ijayo ni «sitisha», kisha «rudisha», na baada ya mwaka mmoja faili lina mistari elfu ambayo hakuna anayethubutu kuigusa. Nimefungua mafaili ya aina hiyo mara nyingi, na karibu kila mara nilikuta kitu kisichopewa jina kimejificha ndani yake.

Hapa Kiswahili kinatubeba kuliko tunavyodhani. Kupima huzaa kipimo, kulipa malipo, kuhamisha uhamisho, na ndani ya kuidhinisha imo idhini. Basi tengeneza IdhiniController. Kuidhinisha sasa ni kuhifadhi idhini mpya, na kutengua ni kuifuta. Mara idhini ikishakuwa kitu, unagundua ina tarehe, ina mtu aliyeitoa, na mkaguzi angependa kuiona. Jina limekuonyesha jedwali ulilolisahau.

Umoja na wingi vinahitaji tahadhari. Rails hupendelea wingi kwenye kontrola, Laravel hutumia umoja. Fuata desturi ya nyumba uliyomo. Ila zana zote mbili huunda wingi kwa kanuni za Kiingereza, kwa kubandika herufi mwishoni, ilhali ngeli zetu hubadilika mwanzoni. Ukiziachia neno «mkulima», zitatafuta jedwali la «mkulimas». Katika Rails, sajili jozi ya mkulima na wakulima kwenye faili la vighairi. Katika Laravel, taja jina la jedwali ndani ya modeli. Fanya hivyo siku ya kwanza, kabla data haijaingia.

Kuhusu mpangilio sina mengi. Malipo anayoyaona mkulima si yale anayoyashughulikia mhasibu, kwa hiyo ziwe kontrola mbili katika folda mbili, hata zikishiriki jina. Na anwani zisizame: /vyama/3/wakulima/17/mizigo/240 haina faida yoyote ikiwa mzigo namba 240 ni mmoja tu. /mizigo/240 inatosha.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, nenda kasimame asubuhi moja kwenye chama cha msingi kilicho karibu nawe. Andika kila kitenzi utakachokisikia dirishani, kisha kitafutie nomino yake. Njoo na orodha hiyo, tutaanzia hapo.