Haut-Lomami: Maumivu ya mgongo, nini kinamngoja mgonjwa siku ya kwanza ya matibabu ya mikono

Huko Kinkondja, kwenye ziwa Kisale, karibu kila kazi inapitia mgongoni. Mvuvi anainama ndani ya mtumbwi kuvuta nyavu. Mama anabeba beseni la samaki kichwani na mtoto mgongoni. Mwenye kinga, baiskeli ya mizigo, anasukuma magunia ya mihogo kwenye njia ya mchanga. Siku mgongo unakataa, chakula cha nyumbani na pesa za shule za watoto zinasimama pia.

Wengi huanza na vidonge vya sokoni: diklofenaki, ibuprofeni, hata deksametazoni. Nafuu huja haraka, lakini vidonge hivyo vikimezwa kwa majuma mengi bila ushauri wa muganga vinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Deksametazoni inaweza kupandisha sukari, kudhoofisha mifupa na kupunguza nguvu za mwili za kupambana na magonjwa. Vidonge vikishindwa, mtu hutafuta wa kumkanda, au yule anayesemwa anajua kurudisha mfupa mahali pake. Matibabu ya mikono yanaweza kusaidia kweli, lakini yanaweza pia kuumiza. Tofauti huonekana mapema, tangu siku ya kwanza.

Kazi iliyoanza mwaka 1895

Katika nchi nyingi, kazi ya kutibu mgongo na viungo kwa mikono inaitwa kiropraksia. Ilianzishwa na Daniel David Palmer katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwezi wa Septemba 1895. Palmer aliamini kwamba magonjwa karibu yote yanatoka kwenye uti wa mgongo. Sayansi haikukubali wazo hilo. Kilichobaki na faida ni kazi ya mikono kwa maumivu ya mgongo na shingo.

Mwaka 2005, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilitoa mwongozo juu ya mafunzo na usalama wa kazi hiyo. Kwa mtu anayeanza bila masomo mengine ya afya, mwongozo unataka miaka 4 ya masomo ya kila siku, yenye masaa yasiyopungua 4,200. Barani Afrika, kiropraksia inafundishwa katika vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg, Afrika Kusini. Kwa Wakongomani, kazi iliyo karibu nayo ni ile ya kinesiterapia, watu wengi wanasema tu kine, inayofundishwa katika vyuo vya ISTM. Mtu wa kine anatumia mikono pia, lakini sehemu kubwa ya kazi yake ni mazoezi.

Maswali kwanza, mikono baadaye

Mgonjwa anayefika mara ya kwanza asishangae kuulizwa maswali mengi. Maumivu yalianza lini? Yalianza baada ya kuanguka, kunyanyua mzigo, ao yalikuja yenyewe? Yanashuka mguuni? Yanazidi usiku? Kuna homa, kikohozi, kupungua kilo? Anakunywa dawa gani? Kama ni mama, ana mimba? Kazi yake ni ipi, na analala juu ya nini?

Kisha anapimwa. Ataombwa kusimama, kutembea, kuinama mbele na kando, kuinua mguu akiwa amelala chali. Muganga ataangalia nguvu za miguu, atagusa ngozi kuona kama kuna ganzi, na atagonga taratibu chini ya goti. Nguo nyingine zinaweza kuvuliwa ili mgongo uonekane. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa sababu, na mama anaweza kuomba ndugu yake abaki naye ndani.

Picha ya mifupa, ile watu wanaita radio, si lazima kwa kila mgongo unaouma. Inahitajika pale dalili zinaonyesha hatari. Mtu aliyebeba mzigo mzito na kupata maumivu ya kawaida mara nyingi hupata nafuu ndani ya majuma machache, hata bila picha.

Mtu anayeanza kusukuma mgongo kabla ya kuuliza swali hata moja, huyo ndiye wa kukimbia.

Ule mlio si mfupa

Ikiwa hakuna dalili ya hatari, matibabu yanaweza kuanza siku ile ile. Mgonjwa atalala juu ya kitanda, kwa tumbo ao kwa ubavu. Kunaweza kuwa na kukanda misuli, kunyoosha viungo polepole, ao kusukuma kiungo kwa ghafula na kwa kipimo. Hapo ndipo unasikika ule mlio wa "tak" unaofanya wengi waamini kwamba mfupa umerudi mahali pake.

Si hivyo. Mfupa haukuwa umetoka. Mwaka 2015, watafiti nchini Canada walipiga picha za viungo vya vidole wakati vinavutwa, na waliona kwamba mlio unaendana na nafasi ya hewa inayofunguka ghafula ndani ya majimaji ya kiungo. Mlio si kipimo cha kupona, na kukosa mlio si dalili kwamba matibabu yameshindwa.

Baada ya hapo, mtu anaweza kuhisi uchovu ao maumivu kidogo ya misuli kwa siku moja ao mbili. Hiyo ni kawaida. Lakini miguu ikipoteza nguvu, ganzi ikiongezeka, ao kichwa kikiuma sana na kizunguzungu baada ya kushikwa shingo, ni lazima kwenda hospitali mara moja. Kusukuma shingo kwa nguvu kumehusishwa, kwa nadra, na kuchanika kwa mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo. Mgonjwa ana haki ya kusema hapana.

Mgongo ambao haufai kusukumwa

Jambo zito zaidi kwa wakaaji wa Haut-Lomami ni hili: si kila mgongo unaouma umechoka kwa kazi. Kongo iko kati ya nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na ugonjwa huo unaweza kuingia ndani ya mifupa ya mgongo, hata kwa mtu asiyekohoa. Muganga wa Uingereza Percivall Pott aliueleza tangu mwaka 1779, na hadi leo unaitwa ugonjwa wa Pott. Maumivu yanadumu majuma na miezi, homa inakuja jioni, jasho usiku, kilo zinashuka. Baadaye nundu inatokea mgongoni na miguu inalegea. Mgongo kama huo ukisukumwa, mifupa iliyoliwa inaweza kubomoka na kubana uti wa mgongo. Lakini ukitambuliwa mapema, unatibiwa kwa dawa za kifua kikuu, ambazo zinatolewa bure nchini Kongo.

Hatari nyingine ni mtu kushindwa kukojoa ao kushindwa kuzuia mkojo na choo, pamoja na ganzi katikati ya mapaja. Huyo hangoji kesho. Vilevile mzee aliyeanguka, mtu aliyewahi kuugua kansa, na mtoto ambaye mifupa inamuuma mara kwa mara: kwa mtoto, inaweza kuwa ni ugonjwa wa damu, ule wa SS, na anahitaji maabara kwanza. Maumivu ya kiuno pamoja na homa na mkojo unaochoma yanaweza kutoka kwenye figo.

Safari na bei

Kinkondja ni moja ya zone za afya za jimbo, na njia ya kwanza ya mgonjwa ni kituo cha afya kilicho karibu, kisha hospitali kuu ya rejea. Safari ya kwenda mbali, kwa chombo hadi Bukama na kuendelea Kamina ao Lubumbashi, inakula pesa nyingi. Kabla ya kuifunga, ni vizuri kupiga simu na kuuliza: anayetibu alisomea wapi, bei ya siku ya kwanza ni ngapi, na inaweza kuhitajika kurudi mara ngapi? Anayedai malipo ya miezi mingi kabla hata ya kupima anastahili kushukiwa.

Mwezi wa Desemba 2023, OMS ilitoa mwongozo wake juu ya maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Ilikumbusha kwamba watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Mwongozo unakubali matibabu ya mikono na kukandwa, lakini pamoja na mafundisho na mazoezi. Haupendekezi mikanda ya kiuno wala dawa kali za jamii ya tramadoli kama desturi.

Ndiyo maana siku ya kwanza iliyokwenda vizuri inaisha kwa kazi ya kufanya nyumbani: kutembea kila siku badala ya kulala juma zima, kukunja magoti wakati wa kunyanyua beseni, kugawa mzigo wa kinga mara mbili, kubadilishana na mwenzake zamu ya kuvuta nyavu. Mambo hayo hayahitaji safari wala pesa. Mgonjwa anayetoka bila kuelezwa chochote, hata kama mgongo umelia "tak", amepata nusu tu ya matibabu.